AFYA NA USAFI: Blanketi peke yake halitoshi kwa anayelala nje

Msimu wa kipupwe unapoingia, nyumba nyingi hufungua masanduku na kutoa mablanketi ya zamani ili wapewe wasio na kitu. Hilo ni jambo la kheri. Lakini mara nyingi mtu aliyepewa blanketi jioni huonekana asubuhi akiwa bado anatetemeka, blanketi limelowa umande na limekuwa zito kama gunia. Tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba tumemfunika kwa juu tu, nasi tumesahau alichokilalia na kinachomdondokea.

Somo la leo ni namna ya kumkinga na baridi na mvua mtu anayelala nje. Tutaangalia baridi inavyoingia mwilini, tutatengeneza furushi la kulalia kwa vitu vinavyopatikana nyumbani na sokoni, kisha tutaona usafi wake na dalili za hatari zinazotaka mtu apelekwe hospitali.

WANAOLALA NJE NI AKINA NANI?

Tukitaja watu wanaolala nje, wengi wetu hufikiria Dar es Salaam au Mwanza. Lakini nasi tulioko Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa tunao, ila tumewazoea kiasi kwamba hatuwaoni. Kuna mgonjwa wa akili aliyejikunja kwenye baraza la duka sokoni. Kuna mtoto aliyetoroka nyumbani anayelala nyuma ya stendi. Kuna mlinzi wa usiku ambaye kazi yake ni kukesha nje akiwa na koti moja. Msimu wa kahawa kuna vibarua waliotoka mbali, na kuna wanaolala kando ya vichanja kulinda kahawa inayokauka. Shambani kuna anayelala kwenye dungu kufukuza nguruwe pori.

Ukiteremka hadi ziwani, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, wapo wavuvi wa usipa wanaovua kwa taa usiku wa giza, kisha hujinyoosha mchangani alfajiri na nguo zao mbichi. Wapo pia abiria wanaosubiri chombo au gari na hawana fedha ya gesti.

Hawa wote hali zao si sawa. Mlinzi ana kwake, na mvuvi atarudi kijijini. Mgonjwa na mtoto hawana pa kurudi. Lakini baridi haiwabagui. Nasi tukitoa tusiwabague. Mwenye baridi haulizwi dini wala kabila kwanza ndipo afunikwe.

BARIDI INAINGIA VIPI MWILINI?

Ndugu msomaji, ifahamike kuwa blanketi halina joto lake lenyewe. Joto ni la mwili. Kazi ya blanketi ni kushika hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Ndiyo maana mablanketi mawili mepesi yaliyopandanishwa mara nyingi hukinga vizuri kuliko moja zito, kwa kuwa katikati yake kuna tabaka lingine la hewa.

Joto la mwili lina njia tatu kubwa za kutoroka kwa mtu aliyelala nje.

Njia ya kwanza ni ardhi. Mtu anapolala, uzito wake hukandamiza blanketi lililo chini yake, hewa yote hutoka, nalo hubaki kama karatasi. Saruji ya baraza au udongo wenye unyevu hunyonya joto la mgongo na nyonga usiku kucha. Anayelala sakafuni na blanketi mbili, zote akajifunika juu, ni kama mtu anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka chini.

Njia ya pili ni maji. Maji husafirisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Nguo iliyolowa mvua, umande, jasho au maji ya ziwa haikingi tena, bali humpoza aliyeivaa. Blanketi la sufu likilowa hubakiza kidogo nguvu yake ya kukinga, lakini la pamba huipoteza karibu yote.

Njia ya tatu ni upepo. Upepo hupeperusha ile hewa ya vuguvugu inayozunguka mwili na kuleta nyingine ya baridi. Wenzetu wa ziwani wanaujua mwera, upepo wa kusini mashariki unaovuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti. Usiku wa mwera, mvuvi mwenye shati bichi anaweza kupata madhara ya baridi hata kama hewa yenyewe si ya baridi kali.

Kuna na jambo la kimo cha mahali. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Ziwa Nyasa liko kwenye mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo ina sehemu zinazofikia mita 2,000. Kwa hiyo tofauti kati ya mchanga wa Mbamba Bay na vijiji vya juu inaweza kufika nyuzi 9. Kibarua aliyepanda kutoka ziwani kuja kuchuma kahawa akiwa na shuka moja hajui kinachomngoja usiku.

HATARI YAKE KIAFYA

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu ameingia kwenye hatari. Wala si lazima iwe mahali pa barafu. Kwa aliyelowa, mwenye njaa, mzee, mtoto mdogo au mgonjwa, usiku wa kawaida wa kipupwe katika nyanda za juu unatosha.

Dalili huanza kwa kutetemeka. Kisha vidole hukataa kazi, mtu hushindwa kufunga kifungo. Ulimi huwa mzito, maneno hayaeleweki, hatua zinayumba. Baadaye husinzia na kuanza kusema mambo yasiyoeleweka. Dalili mbaya kuliko zote ni mtu aliyekuwa akitetemeka sana kuacha kutetemeka huku fahamu zinapotea. Hapo hajapata nafuu. Mwili umeishiwa nguvu ya kujitafutia joto.

Hapa pana somo kubwa. Dalili hizo zinafanana sana na za mlevi. Watu hupita, hutikisa kichwa, husema, "Huyo kalewa, mwache alale." Asubuhi hukuta maiti. Na hata kama kweli amekunywa, ndiyo kwanza yuko hatarini zaidi, kwa kuwa pombe hutanua mishipa ya ngozi na kumwaga joto la ndani nje, huku mnywaji akijidanganya kwamba amepata moto. Kumpa mtu pombe eti imtie joto ni kosa la kidini na ni kosa la kitabibu.

Mbali na hayo, baridi ya kila usiku humdhoofisha mtu, na aliyedhoofika hushambuliwa kwa urahisi na magonjwa ya kifua ikiwemo homa ya mapafu. Hali ya mwenye pumu huzidi. Naye asiyelala usiku mchana hana nguvu ya kutafuta riziki.

TUTENGENEZE FURUSHI LA KULALIA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kumbuka mambo matatu: kitu cha kulalia, kitu cha kujifunika, na paa. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki vinapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Na ukiwa na uwezo wa kutoa kimoja tu kwa mtu ambaye tayari ana blanketi, mpe cha kulalia.

Kwanza, godoro la chini. Chukua mifuko miwili ya salfeti ya kilo 50. Ioshe kwa sabuni na kuisuuza mara kadhaa, kwa kuwa mabaki ya mbolea huwasha ngozi. Mifuko iliyobeba dawa za kuulia wadudu wa kahawa usiitumie kabisa, hata ukiiosha mara kumi. Ishone mifuko hiyo kwa urefu, na kama mtu ni mrefu ongeza wa tatu. Ndani yake weka maboksi makavu yaliyobanjuliwa, tabaka tatu au nne. Hewa iliyo kwenye mikunjo ya boksi ndiyo kinga yenyewe. Boksi halipendi maji, kwa hiyo liwe ndani ya mfuko na mdomo wa mfuko ukunjwe upande wa chini.

Ukikosa maboksi, tumia nyasi kavu au majani makavu ya migomba. Mmatengo anayelaza nyasi shambani kabla ya kuzifukia kwenye ngolo hahitaji kufundishwa kuzikata na kuzikausha. Zianike juani hadi zikatike kwa mlio, uzijaze hadi unene wa kiganja hata baada ya mtu kuzilalia. Nyasi hubonyea na kushika unyevu, hivyo zibadilishwe kila wiki moja au mbili na za zamani zichomwe.

Ngozi ya mbuzi au kondoo ni bora zaidi, na katika hili familia za Kiislamu tuna nafasi ya pekee. Idi ya kuchinja ya mwaka 2024 na ile ya 2025 zote ziliangukia mwezi Juni, nayo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Ngozi ya mnyama wa udhiya haiuzwi kwa faida ya mchinjaji, na kuitoa sadaka kunajulikana. Lakini ni ngozi ngapi hutupwa zikaozea jalalani? Ikishachunwa, kwangua mafuta na nyama siku hiyo hiyo, ipake chumvi kwa wingi upande wa ndani, kisha iwambe na kuikausha kivulini. Inayokaushwa juani hukakamaa na kupasuka. Iwekwe juu ya mfuko wa salfeti ili unyevu wa ardhi usiifikie, kwani ngozi kavu ikilowa hunuka na kuoza. Tahadhari: usiguse ngozi ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, kwa sababu kimeta huambukiza kupitia ngozi na manyoya. Tumia ya mnyama aliyechinjwa akiwa mzima na nyama yake ikakaguliwa.

Pili, kifuniko. Kunja blanketi katikati kwa urefu, shona upande wa miguuni wote na nusu ya ubavu. Sehemu iliyobaki iachwe wazi. Mtu akiingia, miguu haitoki nje hata akigeuka. Usishone hadi juu wala usiweke kamba za kufunga. Anayelala nje lazima aweze kutoka upesi, akivamiwa au moto ukitokea. Kwa mwanamke na mtoto jambo hili ni la usalama kuliko hata joto. Ndani ya blanketi ongeza shuka au kanga iliyochakaa ambayo itafuliwa mara kwa mara, ili blanketi lenyewe lisichafuke upesi. Weka na kofia ya sufu na jozi mbili za soksi, moja ikiwa miguuni nyingine inakauka.

Tatu, paa. Kipande cha turubai cha mita 2 kwa 3 kinatosha mtu mmoja. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, zile rambo, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo usihangaike kuunganisha vipande vyake. Turubai lisipopatikana, pasua mifuko ya salfeti na kuishona pamoja, mishono ikipandana kama vigae ili maji yateremke. Ijaribu kabla hujaitoa: ishike wima kidogo, mwaga jagi la maji, subiri robo saa, kisha papasa upande wa pili.

Paa lifungwe kwa mteremko, upande wa chini ukielekea upepo unakotoka. Lisiguse blanketi. Wapo wanaojizungushia nailoni mwili mzima kama mzigo, na asubuhi hushangaa wamelowa ilhali mvua haikunyesha. Maji hayo ni jasho na pumzi zao wenyewe zilizokosa pa kutokea. Acha upande mmoja wazi ili hewa ipite, na kamwe uso usifunikwe kwa nailoni.

Mwisho, shona mkanda wa kubebea begani ili vyote vikunjwe kuwa mzigo mmoja. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloamua kama msaada wako utadumu. Anayelala barazani hufukuzwa alfajiri duka linapofunguliwa. Alichoshindwa kukibeba hutupwa au huibwa.

WENZETU WALIVYOFANYA

Fikra hii ya kitu kimoja cha kuvaa, kulalia na kubeba imefanyiwa kazi na wengine. Huko Detroit, Marekani, mwanafunzi wa ubunifu aitwaye Veronika Scott alitengeneza mwaka 2010 koti linalogeuka kuwa mfuko wa kulalia, na baadaye akaajiri wanawake waliokuwa hawana makazi ili wayashone wao wenyewe. Uholanzi, mbunifu Bas Timmer alianza mwaka 2014 kushona vazi la kulalia linalozuia maji, baada ya baba wa rafiki zake kufa kwa baridi akilala nje. Alitumia mahema na mifuko ya kulalia iliyotupwa.

Hatuna sababu ya kuagiza makoti hayo kutoka ng'ambo. Mbinga ina mafundi cherehani, ina mitumba, ina mifuko ya mbolea kila nyumba. La kujifunza ni kwenda kwanza kwa wanaolala nje na kuwasikiliza. Nawe kabla ya kushona, muulize unayemkusudia: unalala wapi, kinachokusumbua zaidi ni mvua, sakafu au upepo? Jibu linaweza kuwa tofauti na ulivyodhani.

KWA WALIO KANDO YA ZIWA

Mwambaoni kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni nguo kavu. Mvuvi hahitaji blanketi la tatu, anahitaji shati, sweta na suruali vilivyobaki vikavu wakati yeye analowa. Ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana inatosha. Aiache kambini au aifunge vizuri chomboni. Akitoka majini avue vyote vilivyolowa kabla ya kulala, hata kama amechoka vipi.

La pili ni mbu. Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi usiku, na anayelala mchangani bila chandarua amekingwa na baridi lakini hajakingwa na ugonjwa. Simika fito nne, funga chandarua chenye dawa ndani ya paa la turubai, na pindo zake zichomekwe chini ya godoro pande zote. Vyandarua hivyo visifanywe nyavu za usipa. Dawa iliyomo huua samaki, na matundu yake madogo hunasa hadi vifaranga.

Jifunze pia kutofautisha. Mtu anayetetemeka kwa baridi, tumbo na mgongo wake ni baridi ukiugusa. Anayetetemeka kwa homa, tumbo lake lina moto. Huyu wa pili apelekwe akapimwe malaria bila kungoja mapambazuko ya siku ya tatu.

MOTO NA MKAA

Wengi hutaka kuongeza joto kwa jiko la mkaa. Ndani ya turubai, banda la nyasi au chumba kilichofungwa, jiko la mkaa huua. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu usingizi asioamka. Jiko lililokwisha kutoa moshi si salama, kwani gesi hiyo haina moshi. Ukitaka kuota moto, ota nje mahali pa wazi, kisha uzime kabla ya kulala. Nailoni na salfeti hushika moto upesi na kuyeyukia ngozini, kwa hiyo koroboi na mishumaa visisogezwe karibu. Chupa ya maji moto iliyofungwa barabara na kuzungushiwa kitambaa, ikiwekwa miguuni ndani ya blanketi, inatosha kuanzisha joto.

USAFI WA MATANDIKO

Blanketi chafu si sadaka nzuri. Aidha, matandiko yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine yanaweza kubeba chawa, kunguni na upele. Chawa wa nguo hujificha kwenye mishono, na wanaweza kueneza homa kali. Kabla ya kutoa, fua kwa maji ya moto sana na sabuni, anika juani siku nzima ukigeuza pande zote, kisha pitisha pasi ya mkaa kwenye mishono. Dhidi ya chawa na upele, kisichofulika kwa maji moto kifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku 14. Lisitolewe likiwa na unyevu, maana ukungu hudhuru kifua.

Kwa anayelipokea, mfundishe kulianika kila jua linapotoka hata kama halijafuliwa. Asilale ameegemea ukuta wa udongo wenye nyufa, kwa sababu humo hukaa papasi wanaouma usiku na kuleta homa ya papasi. Akiwa na upele, kumpa blanketi jipya tu hakusaidii. Yeye na wote anaolala nao watibiwe siku moja kwa dawa ya kupaka itakayotolewa zahanati, na matandiko yafuliwe siku hiyo hiyo. La sivyo wataambukizana upya.

UKIMKUTA ALIYEZIDIWA

Mtoe kwenye upepo. Chini yake weka kitu kikavu kabla hujamfunika juu. Mvue nguo zilizolowa kwa kumsitiri, wanaume wahudumiwe na wanaume na wanawake na wanawake kadiri inavyowezekana, umvike kavu. Anza kupasha kifua, shingo na kichwa. Chupa za maji moto zilizozungushiwa kitambaa ziwekwe kifuani na makwapani. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, mpe chai au uji wa vuguvugu wenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimweke karibu na moto mkali, wala usimnyweshe asiye na fahamu. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali haraka, na mumbebe kwa upole.

PAA LENYE UKUTA NDIYO DAWA

Ndugu msomaji, furushi hili ni msaada wa usiku wa leo. Halitoshi kuwa makazi. Mtoto anayelala stendi anastahili kurudishwa kwenye malezi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila anayejua mtoto amepuuzwa atoe taarifa. Mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga simu namba 116 ya kusaidia watoto. Mgonjwa wa akili anatibika, na kazi ya jirani ni kumfikisha hospitali na kumtafutia ndugu zake.

Tukumbuke pia Suffa. Katika msikiti wa Mtume (S.A.W) mjini Madina palikuwa na upenu ulioezekwa, na chini yake walilala waliohama wasio na jamaa wala mali, Abu Huraira (R.A) akiwa miongoni mwao. Wengi wao walikuwa na vazi moja tu lisilotosha kuwafunika. Hawakufichwa wala kufukuzwa. Walikaa msikitini, walifundishwa, na watu wa mji waliwagawana kwa chakula. Nasi kila nyumba yenye baraza na kila msikiti wenye upenu ujiulize: usiku wa mvua upenu wetu unamkinga nani? Kufunga geti ni rahisi. Kuweka kichanja kimoja cha mbao barazani, kikanyanyua mwili wa mtu kutoka kwenye saruji, nako si kazi ngumu.

Na unapotoa, sitiri. Usimpige picha. Usimwamshe usiku kwa kumwangazia tochi usoni. Usichome vitu vyake ukidhani ni takataka, kwani hilo boksi unaloliona jalala ndilo godoro lake.

MUHTASARI WA SOMO

Baridi ya ardhi huanza, maji na upepo hufuata. Toa vitu vitatu: cha kulalia, cha kujifunika na paa lisilogusa. Kiwe kikavu, kisafi na chenye kubebeka. Mkaa usilale na mtu ndani. Anayeyumba na kusinzia kwenye baridi si lazima awe mlevi, mguse, msemeshe, msaidie.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni nani anayelala nje katika mtaa wetu, na je, tumewahi kumuuliza anachohitaji?

2. Kwa nini aliyelala juu ya saruji na mablanketi mawili anaweza kuwa na baridi kuliko mwenye blanketi moja na godoro la maboksi?

3. Nyumbani kwetu kuna mifuko mingapi ya salfeti, maboksi na nguo za sufu zisizotumika, na nani kati yetu atashona?

4. Ngozi ya udhiya yetu iliyopita ilikwenda wapi, na inayokuja tutampa nani?

Mkae na watoto mjibu maswali haya jioni moja baada ya swala ya Isha, kisha kesho yake mshone furushi moja. Nyumba kumi zikifanya hivyo kabla ya Juni, insha Allah, mabaraza ya soko letu yatakuwa na watu kumi waliolala usingizi.

Wabillahi tawfiq.